Kwa Nini Wachimba Udongo Hubishana

Ulikuwapo wakati ambapo udongo wa kufinyangia vyungu ulichimbwa kimya. Wakubwa walisema ardhi haipendi kelele, basi ikawa hivyo. Mmoja alishuka shimoni na jembe fupi, mwenzake akabaki juu kuvuta kapu kwa kamba, na hakuna aliyefungua kinywa mpaka kazi iishe. Bibi Sekela, mlinzi wa shimo, alikaa kwenye kigoda chake akisikiliza. Aliyekohoa alikodolewa macho. Aliyesema neno alifukuzwa, na msimu mzima hakufinyanga kitu.

Amri hiyo iliwatesa Bupe na rafiki yake Hobokela kuliko wote. Hobokela aliolewa kutoka ng'ambo ya mto, akaja na maneno ya kwao. Chombo cha maji chenye shingo ndefu, Bupe alikiita mtungi. Hobokela alikiita gudulia. Mtungi kwake ulikuwa kitu kingine kabisa, kipana, cha kuwekea pombe. Walibishana njia nzima kwenda shimoni.

"Huo ni mtungi, wewe mtu wa ng'ambo. Nani alikufundisha kusema?"

"Aliyenifundisha alikuwa na macho. Mtungi una tumbo, kama mumeo. Hilo ni gudulia."

Wakacheka mpaka makapu yakawaanguka kichwani. Watu walidhani iko siku watashikana nywele. Hawakujua jinsi wale wawili walivyopendana.

Asubuhi moja walifika shimoni ubishi haujaisha. Hobokela alijifunga kibwebwe. "Nikitoka nitakuonyesha," alinong'ona, akashuka. Bupe alikuwa na jibu tayari, jibu tamu kweli, akalibana mdomoni.

Alivuta kapu la kwanza, la pili, la tano. La sita halikuja. Alisikia kishindo kidogo chini, kama gunia lililotuliwa. Alitaka kuita, lakini Bibi Sekela alimtazama, naye akanyamaza. Labda anapumzika, alijiambia. Labda anakata pembeni. Jua likapanda mpaka utosini na kamba haikutikisika.

Hatimaye uvumilivu ulimwishia. Aliinama juu ya shimo akapaza sauti: "Hobokela! Gudulia ni neno la watu wasiojua kufinyanga!"

Kimya. Hapo Bupe alijua, maana Hobokela asingeacha tusi hilo lipite hata angekuwa mahututi. Akaanza kupiga mayowe.

Walimfukua jioni. Ukuta wa shimo ulioanguka ulikuwa umembana miguu tu. Kilichomuua ni udongo uliozidi kumomonyoka baadaye, kidogo kidogo, na kucha zake zilikuwa zimeng'oka kwa kuparua. Alikuwa hai muda mrefu. Bila shaka mwanzoni alidhani atajinasua, akaona asipige kelele wakafukuzwa wote wawili. Alipohitaji kuita, kinywa kilikuwa kimekwisha kujaa. Na juu yake, hatua chache tu, alikaa rafiki yake akitii amri.

Kaburini Bupe hakulia kama wengine. Alipiga magoti akasema, "Haya, mwenzangu. Ni gudulia. Umeshinda." 

Msimu uliofuata alimwendea Bibi Sekela penye kigoda chake. "Nifukuze, bibi," alisema, "lakini anayeshuka leo nitabishana naye mpaka apande."  Kikongwe aliinuka polepole, akakibeba kigoda chake mwenyewe, akaenda nyumbani, na shimoni hakuonekana tena.

Na tangu siku hiyo, wanawake wa kule hawachimbi kimya. Wa juu na wa chini hubishana bila kupumzika, kuhusu jina la chombo, chumvi ya mboga, hata sura ya mkwe wa mtu. Mgeni anayepita hukimbilia kuwaamulia, nao humcheka. Wa chini akichelewa kujibu mara moja tu, wa juu huita watu, na majembe hufika mbio. Lakini hata ubishi ukolee namna gani, hakuna anayethubutu kumwambia aliye shimoni kwamba ameshinda. Neno hilo, kwao, huambiwa maiti.