Pimbi na Likizo ya Njaa

Enyi mlioketi, mko macho?

“Tu macho!”

Basi nianze?

“Anza, tukufuate!”

Hapo zamani za kale, Mfalme Tembo alikuwa na ghala la mtama. Waliomtumikia walipata posho yao humo. Ngiri alizibua chemchemi. Tumbusi aliondoa mizoga. Na Pimbi, mama wa watoto wawili, alikaa juu ya jabali akichungulia kama moto wa nyika unakuja.

Ukaja ukame. Mtama ukapungua. Bweha, mshauri wa mfalme, akasema, “Mfalme, usijinyime. Wape watumishi likizo bila posho. Mvua ikinyesha watarudi.”

Tembo akasema, “Vema.” Akaendelea kula.

Bweha akaenda kwa Ngiri. “Nenda kapumzike. Kazi hakuna, posho hakuna.” Ngiri akaenda. Chemchemi ikajaa tope.

Akaenda kwa Tumbusi. “Nenda kapumzike. Kazi hakuna, posho hakuna.” Tumbusi akaenda. Uvundo ukatanda.

Akaenda kwa Pimbi. “Nenda kapumzike. Kazi hakuna, posho hakuna.”

Pimbi akauliza, “Bwana Bweha, na matumbo ya wanangu nayo yako likizo?”

“Hayo ni yako. Ila usionekane kazini. Ukionekana, hurudi tena.”

Pimbi akashuka jabalini. Akawa anashinda bondeni na wanawe, wakichimbua mizizi michungu. Mdogo akilia, humpa mzizi wake yeye.

Siku moja akaona moshi nyuma ya kilima. Akatazama huku, akatazama kule. Hakuna aliyepiga kelele. Akipanda, kazi imekwenda. Asipopanda, je?

Akapanda mbio. Bweha akamwona. “Shuka! Uko likizo!”

Pimbi hakushuka. Akalia, “Moto! Moto! Moto!”

Wanyama wakasikia, wakakimbilia ng’ambo ya korongo na watoto wao. Hakufa hata mmoja. Tembo akakimbilia chemchemi avute maji kwa mkonga. Akavuta tope. Akavuta tena, tope. Akavuta mara ya tatu, tope tupu. Ghala likateketea huku akitazama.

Tembo akamgeukia Bweha. “Tumeokoa nini?”

Bweha akafukuzwa, akatokomea nyikani.

Kisha Tembo akamwendea Pimbi. “Mama, rudi kazini.”

“Kwa posho gani, Mfalme?”

“Sina.”

“Basi niwie radhi. Wanangu hawajala tangu jana.” Pimbi akachukua kijiti chake, akaenda kuchimba mizizi.

Msimu ule wote, aliyesimama juani kuchungulia moto alikuwa Tembo mwenyewe, tumbo likimnguruma.

Ndiyo maana wakubwa husema: anayebana matumizi kwa kumnyima mlinzi, ghala lake hulindwa na moto.

Nimefika mwisho wa njia. Aliyeokota kitu akitie mfukoni. Aliyekosa na apite tena kesho.