Kigingi cha Mwalimu

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa jiografia aliyejenga nyumba yake juu ya ufa, tena akijua kwamba anajenga juu ya ufa. Msimcheke bado. Shamba alilorithi kwa baba yake lilikuwa chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, na huko chini ya ukingo, wapendwa, ni nani mwenye shamba lisilo na ufa?

Siku ya kuchimba msingi, fundi alikuta mstari mwembamba ukikatiza ua, kutoka kwenye migomba hadi karibu na choo. Fundi akasema ni mzizi uliooza. Mwalimu akapiga magoti, akaupapasa kwa vidole, akafurahi kama mtu aliyekutana na rafiki wa masomoni. Chuo kikuu alikuwa amezisoma nyufa za nchi kwenye karatasi kwa miaka mitatu. Sasa alikuwa na wake mwenyewe.

Nyumba kubwa akaijenga upande wa juu wa ufa. Jiko, la fito na udongo kama majiko ya majirani, akalijenga upande wa chini, hatua kumi na mbili kutoka mlango wa nyuma. Kisha akapigilia vigingi viwili vya chuma, kimoja mlangoni pa nyumba na kimoja mlangoni pa jiko. Alitaka kujua jambo moja tu: ufa huu uko hai, au ulikwisha kufa? Kama uko hai, upande wa chini utazama, na kigingi cha jikoni kitashuka pamoja nao. Basi kila mwaka, Jumamosi ya kwanza baada ya masika, alivuta uzi kati ya vigingi viwili, akaweka pima maji juu ya uzi, akapima, akaandika daftarini. Mkewe, aliyekuwa amemwoa mwaka huohuo, mwalimu alimwomba jambo moja: kile cha jikoni asiruhusu kuku wala watoto wakifukie. Kisipotee.

Mkewe akasema kwamba hakitapotea.

Darasani mwalimu huyu alikuwa hodari. Kila mwaka alipofika kwenye somo la Bonde la Ufa, aliingia na mkate mzima chini ya kwapa. Aliushika huku na huku, akauvuta polepole, watoto wakitazama bila kupumua, mpaka mkate ukabonyea katikati. Akawaambia, nchi yetu inavutwa namna hii. Katikati panazama, kingo zinabaki juu. Maji yakikusanyika pale palipozama, mnaita ziwa. Moto wa chini ukipata upenyo, mnaita mlima. Ukingo ule mnaouona dirishani haukusimama kwa siku moja. Kwa mwaka ni upana wa ukucha wa kidole kidogo, na miaka mingine hata ukucha haufiki. Mungu hana haraka. Kisha wanafunzi wakaula mkate, na somo hawakulisahau mpaka uzee.

Mkate huo aliuoka mkewe, kwa sufuria mbili na makaa juu na chini. Jioni alimuuliza, "Waliupenda?"

Naye mwalimu alijibu, "Walielewa."

Hawakuwa watu wa kugombana. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake, na alimwita mumewe Mwalimu hata mbele ya watoto. Mwalimu alimpenda. Hilo liwekeni moyoni, maana mfano huu si wa mume mbaya. Alimletea viatu kila alipokwenda mjini, na kila mara vilimtosha. Lakini kwao, kama kwetu wengi, mwanamume hakuingia jikoni. Chakula kilikuja chenyewe kikivuka ua, mikononi mwa mama, naye alikipokea mezani na kushukuru.

Mara moja aliona kwamba migomba yao ni myembamba kuliko ya Mama Elifuraha, jirani yao. Majirani wote walimwaga majivu ya jiko kwenye mashina ya migomba. Akamuuliza mkewe mbona yeye hafanyi hivyo.

"Majivu yangu yana kazi nyingine," mkewe akasema.

Akacheka, akarudi kwenye gazeti lake. Mara nyingine aliona paa la jiko limeinama kuliko zamani, akalaumu mchwa.

Miaka thelathini na moja ikapita. Daftari likajaa, na kila mstari ulisema maneno yaleyale mawili: hakuna badiliko. Hata ile miaka ambayo tetemeko liliangusha vikombe kabatini, hakuna badiliko. Watu waliotaka kujenga walimwendea kwanza. Usharika wa kanisa ulipotaka kujenga chumba cha watoto wa chekechea, na kiwanja kilichopatikana kikawa kimekatizwa katikati na ufa uleule, wazee walimwita kwenye kikao wakamuuliza. Akasimama na daftari lake, akawaambia ufa huu umekufa, na ushahidi wa miaka thelathini na moja anao mkononi. Wakaandika muhtasari. Wakanunua mawe.

Mwezi wa tatu mwaka huo mkewe akaugua, na katikati ya Kwaresima mwalimu akamzika.

Watu walikuja, mnajua wanavyokuja. Walipika, waliosha vyombo, waliimba. Dada wa mwalimu alibaki mwezi mzima akimpikia, mpaka naye akakumbuka kwamba ana kwake. Akaondoka siku ya Alhamisi. Ijumaa asubuhi mwalimu alitaka chai. Akakaa mezani kwa muda, kama ambaye bado hajaelewa. Halafu akainuka, akavuka ua hatua kumi na mbili, akaingia jikoni kwake.

Boriti ya mlango ikampiga kwenye paji la uso.

Alirudi nyuma akaketi chini uani, mkono usoni. Maumivu yalipopungua, akili yake ya darasani ikaanza kufanya kazi. Mlango ule aliupima mwenyewe siku ulipojengwa: mita moja na sentimita tisini. Yeye ana mita moja na sabini na tano. Je, mtu mzima hurefuka? Akaenda kuleta futi yake, akapima. Mita moja na sitini na tatu.

Mlango, wapendwa, haufupiki. Ama boriti imeshuka, ama sakafu imepanda. Akatazama ndani. Mafiga yalikuwa mahali pake, sakafu imesiribwa vizuri, laini kama kiganja. Akatazama ua. Tambarare kabisa, kutoka mlango hadi mlango. Na kigingi chake kilikuwa palepale, kichwa nje, kimefutwa vumbi.

Akachukua jembe akaanza kuchimba kizingitini.

Mama Elifuraha alimwona kutoka ng'ambo ya ua akaja haraka, kanga mkononi, akidhani huzuni imempanda kichwani. Akasimama juu yake.

"Shemeji, unatafuta nini ardhini? Kama ni chumvi, aliiweka kwenye kopo, juu ya dirisha."

Mwalimu alikuwa amepiga magoti mbele ya ukuta wa shimo lake, kama alivyowafundisha wanafunzi kupiga magoti mbele ya mwamba. Tabaka la majivu, tabaka la udongo mwekundu. Majivu, udongo. Majivu, mstari mweusi wa makaa, udongo. Kila tabaka halikuzidi upana wa ukucha, na jumla yake ilikuwa sentimita ishirini na saba. Pembeni mwa kigingi, tabaka juu ya tabaka, palikuwa na madoa ya kutu yakipanda kama ngazi.

Akamuuliza Mama Elifuraha anajua nini juu ya hayo.

Mama Elifuraha alijua yote, kwa sababu hayakuwa siri. Alisema kwamba mwaka wa kwanza wa ndoa yao palitokea kijingazi kati ya nyumba na jiko, kidogo tu, na marehemu akajikwaa akiwa na sufuria ya uji wa moto. Aliungua mguu. Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kuwasha moto, alizoa majivu ya jana, akayachanganya na udongo, akasawazisha pale palipopungua, nje na ndani. Sakafu ikishuka, anaipandisha. Na kila mara kigingi kilipoanza kuzama kwenye udongo wake, alikichomoa, akakipigilia upya kwa mchi wa kinu, kichwa kionekane kama mwanzo.

"Alikuwa anasema kikipotea utasikitika," Mama Elifuraha akasema. Kisha akakinyooshea kidole kile chuma. "Lakini shemeji, hiki kitu kilikuwa cha nini? Aliwahi kuniuliza mimi. Nikamwambia sijui. Akasema, 'Hata mimi sijui, lakini ni cha Mwalimu.'"

Mwalimu alibaki amepiga magoti. Alihesabu, kwa maana kuhesabu ndiyo namna aliyoijua ya kukaa kimya. Mkewe alikuwa na mita moja na hamsini na nane. Mlango ulikuwa umebakiza sentimita tano juu ya kichwa chake. Angeishi miaka sita tu zaidi, naye angeanza kuinama.

Jumapili kanisani, wakati wa matangazo, alisimama. Alikuwa na plasta kwenye paji la uso. Aliomba radhi kwa usharika, akasema kiwanja kisichimbwe kesho, chumba cha watoto kisogezwe juu hatua hamsini, kwa sababu ufa uko hai na umekuwa hai muda wote.

Mwenyekiti wa ujenzi hakupendezwa. Mawe yalikwisha kushushwa, na si yeye aliyechagua kiwanja peke yake.

"Mwalimu, ufa uliokuwa umekufa miaka thelathini na moja umefufuka Ijumaa hii?"

Watu wakacheka kidogo, kwa upole, kwa sababu walijua ametoka msibani. Mwalimu naye akatabasamu.

"Haukuwa umekufa, mwenyekiti. Kuna mtu alikuwa anaufunika kila asubuhi."

Akawaeleza, kwa kifupi, kama ninavyowaeleza ninyi. Alipomaliza, mzee mmoja wa nyuma, mtu mwema asiyejua kunong'ona, akauliza lile ambalo wengine walilimeza. "Kwa hiyo marehemu alikudanganya?"

"Hapana," mwalimu akasema. "Nimewafundisha watoto wenu wote kigingi kile ni cha nini. Yeye sikumwambia."

Akaketi.

Chumba cha chekechea kilijengwa juu, hatua hamsini. Mwenyekiti aliwabebesha mawe vijana wa kwaya, akanung'unika mpaka paa likaezekwa. Mlango wa jiko la mwalimu uko vilevile. Fundi alipomwambia ataukata urefuke, alikataa. Anainama, anaingia, anazoa majivu ya jana.

Sasa, ndugu zangu, sisi tuseme nini?

Tunapenda kuhubiri juu ya matetemeko. Tunapenda Mungu wa ngurumo, wa milima inayotoa moshi. Lakini nchi hii tunayoikanyaga, mabonde yake na maziwa yake na ukingo ule unaotuzuilia jua la asubuhi, haikufanywa kwa ngurumo tu. Ilifanywa kwa upana wa ukucha, mwaka baada ya mwaka, wala hapakuwa na mtu wa kupiga makofi. Na ndani ya nyumba zetu yupo mtu anayefanya kazi ya ukubwa huohuo. Nchi inashuka ukucha mmoja, naye anapandisha ukucha mmoja. Nchi inashuka tena, naye anazoa majivu tena. Sisi tunavuka ua bila kujikwaa, halafu tunaandika daftarini: hakuna badiliko.

Nani kati yetu ana daftari kama hilo? Nani amesema ndoa yangu haina shida, mama yangu hana shida, mtoto wangu huyu hajawahi kunisumbua, na hajawahi kuuliza ni mikono ya nani imepasawazisha pale anapopita?

Lakini msiishie hapo, maana hapo ni rahisi. Hapo tutalia kidogo na kwenda kula. Kosa la mwalimu halikuwa kutoshukuru. Alishukuru kila mlo. Kosa lake ni kwamba kile alichokipenda kuliko vyote kichwani mwake, kile kilichomwamsha mapema kila Jumamosi ya kwanza baada ya masika, alikieleza kwa watoto wa watu, kwa wazee wa kikao, kwa mafundi, na hakukieleza kwa yule aliyekitunza. Alidhani hahitaji kujua. Naye, asiyejua, alikitunza miaka thelathini na moja kwa sababu moja tu, kwamba ni cha Mwalimu.

Fikirini angemwambia. Jioni moja tu, mkate ukiwa mezani. Angeushika huku na huku, akauvuta. Unadhani yule mama asingeelewa? Yeye ndiye mtu pekee katika nchi ile aliyekuwa akiushika ufa kwa mikono yake kila siku. Angemwambia, "Mwalimu, mbona huku kunashuka? Njoo uone." Naye angekwenda, angeinama, angeingia jikoni, na wangepiga magoti wawili.

Tukitoka hapa leo, kila mmoja wetu anarudi kwenye ua wake. Usikae mezani ukisubiri chakula kivuke. Vuka wewe, wakati boriti bado iko juu ya kichwa chako. Na utakapomkuta huko ndani ameinamia majivu, usianze kwa kumsifu. Sifa atazipokea na kuendelea na kazi. Keti karibu na mafiga, umweleze kigingi ni cha nini.