Mbao za Wodi ya Njiti

Hapo zamani, ile zamani ya juzi, wakati mihuri na foleni za malori tayari vilikuwapo, palikuwa na mji wa mpakani wenye baridi kali. Katika zahanati ya mji ule kulikuwa na chumba cha watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla miezi haijatimia. Kuta zake zilikuwa na nyufa, na dari hakikuwa nayo. Msitu wa karibu ulikuwa umefungwa, haukatwi tena. Basi akina mama wa mji wakaagiza mbao za chipbodi kutoka nchi jirani, zile za unga wa miti uliogandishwa kwa gundi, wazibe kuta na kuweka dari.

Chumbani humo alilala Subilaga na mapacha wake waliozaliwa mimba ikiwa ya miezi saba. Mmoja kifuani upande wa kulia, mmoja upande wa kushoto, ngozi kwa ngozi. Mliowahi kulea mtoto wa namna hiyo mnajua. Unahesabu pumzi zake, unasahau zako.

Lori likafika mpakani pamoja na mvua. Dereva wake alikuwa Gwamaka. Wakala wa forodha, aliyezipokea mbao kiwandani na kushughulikia karatasi zake, alikuwa Lusekelo. Mkaguzi wa ubora alikuwa Bi Atughanile.

Bi Atughanile akasoma cheti. Kilikuwa kizuri. Akatazama mbao za juu. Zilikuwa na muhuri wa kiwanda, wa kuthibitisha gundi salama. Akasema, "Fungueni bunda, nitoleeni mbao ya katikati."

Mbao ya katikati haikuwa na muhuri.

"Shehena haipiti," akasema.

Gwamaka akaruka. "Dada, hizi si mbao za baa. Ni za vichanga!"

"Ndiyo maana, kaka. Baani mtu huingia akatoka. Kichanga atalala humo mchana na usiku."

"Na moyo wako nao umepigwa muhuri?"

Bi Atughanile alikata kipande cha mbao, akakitia katika chupa ya kioo yenye maji kidogo, akaifunga. Kesho yake mchana akaifungua mbele yao. Harufu ya sumu ya gundi ikatoka, macho yakawachonyota, Gwamaka akakohoa mpaka akainama.

Lusekelo akashika kichwa. "Nilisoma cheti, sikufungua bunda. Kosa ni langu." Saa ileile akadandia lori la kurudi kiwandani.

Alfajiri ya siku ya tatu Subilaga alihisi upande wake wa kushoto umenyamaza. Baridi ilikuwa imemchukua pacha mmoja.

Habari zilipofika forodhani, Gwamaka alilivua turubai la lori lake, akaliburuta mpaka zahanati, akapanda juu ya paa na kulifunga kwa kamba, hadi kutani. Joto likabaki ndani. Lakini chini ya turubai lile palikuwa na magunia ya mbegu ya bosi wake. Mbegu zikalowa, zikachipua ndani ya magunia. Bosi akamfukuza kazi.

Bi Atughanile naye kila asubuhi alileta uji wa moto, akauacha kwa mlinzi wa zahanati. Akina mama wakasema, "Rudisha. Hatunywi uji wa aliyewafungia watoto geti." Kesho yake akaleta tena. Siku ya nne ya kuletwa uji Subilaga akanywa, maana maziwa yalikuwa yamemkauka kwa kilio. Maziwa yakarudi.

Siku ya tisa Lusekelo akafika na mbao mpya. Za juu zina muhuri, za katikati zina muhuri. Chupa ikafunguliwa, haikunuka. Mbao zikapita. Katika siku hizo tisa wazazi wa mchumba wa Lusekelo walimngoja alete posa, hakutokea, wakampokea mwingine.

Kuta zikazibwa, dari ikawekwa, mtoto aliyebaki akanenepa mpaka akaruhusiwa kwenda nyumbani.

Na katika mji ule njiti hapewi jina mpaka siku anapotoka wodini. Yule pacha aliyekufa alizikwa bila jina. Jina ni la mtu aliyemwokoa mtoto, na mtu huyo huwa somo wake, mzazi wake wa pili maisha yote. Mtu mmoja, jina moja.

Gwamaka akasema, "Mpe langu, mama. Bila turubai, huyu naye angemfuata nduguye kabla mbao hazijafika."

Lusekelo akasema, "Turubai lilikuwa kwenye lori tangu siku ya kwanza, ndugu yangu."

Gwamaka akatazama chini. "Kweli. Nilimwogopa bosi. Na wewe? Ungefungua bunda kulekule kiwandani, mbao nzuri zingefika siku hiyohiyo ya kwanza."

"Kweli," akasema Lusekelo. "Lakini nilirudi. Turubai lingechanika kwa upepo. Kuta ndizo zilizomlea, na kuta nilizileta mimi."

Bi Atughanile alikuwa amesimama nje ya mlango. Wakamwita, hakuingia.

"Siombi jina," akasema. "Mimi ndiye niliyefunga geti. Sikuja humu kuwaona watoto hata siku moja, kwa sababu nilijua nikiwaona nitagonga muhuri wa kupitisha mbao. Na ningegonga, watoto wote wangevuta ile harufu mpaka leo." Akasogea mpaka kizingitini. "Nimekuja tu ili unitazame usoni, mama. Kama una neno, uniambie."

Subilaga alimfunika mtoto kwa kanga. Nesi akaishika kalamu, akaiweka juu ya kadi ya kliniki. "Aitwe nani, mama?"

Subilaga akamtazama Gwamaka asiye na kazi. Akamtazama Lusekelo asiye na mchumba. Akamtazama Bi Atughanile pale mlangoni, akamtazama kwa muda mrefu.

Nanyi mliosikia, msijibu haraka, maana mama huyu alileta wawili na anatoka na mmoja. Kalamu iko juu ya kadi. Je, ni nani kati yao aliyestahili kuwa somo wa mtoto huyu?