Ugenini Karibu Ni Moja

Ugenini karibu ni moja. Haya, mmeisikia kwa mama yenu, mmecheka, sasa mmekuja kuniuliza mimi imetoka wapi. Kila mtu akitaka kujua jambo lazima anijie mimi, na miguu yenyewe hii imevimba tangu asubuhi. Shani, nisogezee hicho kigoda. Twaha, weka simu chini mjukuu wangu, maana wewe ndiye unayepanda ndege wiki ijayo kwenda kusoma kiangazi huko Ulaya, na wewe ndiye uliyecheka zaidi. Maneno hayo hayakutoka kwa wahenga, msidanganyike. Yametoka hapahapa Muheza, na sisi tuliokuwapo yakisemwa mara ya kwanza bado wengine tuko hai. Ilikuwa hivi.

Mama yenu mkubwa, Mwajabu, ni mtoto wa marehemu dada yangu. Dada alipofariki, mama yangu, Mwantumu, alikichukua kile kitoto akakilea kama alivyotulea sisi. Sasa mama alikuwa mtu wa adabu, tena adabu ya kuchosha. Alitufundisha hivi: ukiingia nyumba ya watu ukakaribishwa chakula, sema nimeshiba. Wakikukaribisha tena, sema ahsanteni. Wakishikilia, ndipo unawe ule, na usimalize. Anayekubali mara ya kwanza ni mroho, kwao hakupikwi. Hata leo mgeni akiniambia ameshiba wala simsikii, naendelea kupakua.

Basi Mwajabu akawa anasoma chuo cha kilimo, akachaguliwa kwenda Uholanzi miezi ya kiangazi kujifunza ufugaji wa ng'ombe wa maziwa. Angekaa kwenye nyumba ya mama mmoja mjane, anaitwa Annelies. Lo, nyumba ilijaa washauri! Huyu anasema chukua sweta, kiangazi cha huko kina baridi yake asubuhi. Huyu anasema pasipoti usiitenganishe na mwili. Mwingine anasema dagaa usibebe, watakunyang'anya uwanjani. Yote kweli, na wewe Twaha yashike, na hiyo sweta bado sijaiona. Lakini lile jambo moja hakuna aliyemwambia, kwa kuwa hakuna aliyelijua.

Wakati huo mama alikuwa mgonjwa wa moyo. Akipanda ngazi mbili lazima akae apumue. Mwajabu akataka kuahirisha safari, mama akakataa katakata.

"Nenda," alimwambia. "Mimi nikisikia sauti yako tu kwamba umefika, nitatulia."

"Nikifika tu nitapiga, Bibi. Wallahi nitapiga."

Mtaa mzima tulikuwa na simu moja, dukani kwa Mzee Shemhilu. Mwajabu aliikariri namba ile mpaka akawa anaitaja usingizini. Sisi namba ya huko hatukuwa nayo, na barua ilikuwa inasafiri mpaka unasahau ulichoandika. Kwa hiyo sote tulikuwa tunamtegemea yeye apige.

Akafika salama. Yule mama Annelies akampokea vizuri, akamwonyesha chumba, akamwonyesha bafu, halafu akamwonyesha simu iko ukumbini. Akamwuliza, "Ungependa kupiga simu nyumbani? Karibu, piga."

Mwajabu mwenyewe alinisimulia kwamba moyo ulimruka. Lakini mdomo ukajibu kama ulivyofundishwa: "Hapana, ahsante mama, usijisumbue." Akabaki amesimama palepale, anangoja aambiwe tena. Yule mama akasema, "Sawa," akaenda zake jikoni.

Usiku huo, usiku wa saa tu maana jua lilikuwa bado linawaka, wakala viazi. Akaulizwa, "Utaongeza?" Akasema ameshiba. Mama wa watu akafunika sufuria, akaitia kwenye friji, na Mwajabu anaitazama inavyokwenda! Chai ikaja na kopo la biskuti. Likafunguliwa, kila mtu moja, likafungwa. Mwana wa watu akapanda kitandani na njaa yake, na nje bado kweupe, ndege wanaimba. Cheka, Shani, na sisi tulicheka alipotusimulia hapo. Kwenye chakula alijirekebisha upesi, njaa yenyewe ni mwalimu. Akiulizwa anaitikia hata swali halijamalizika.

Ikabaki simu. Hiyo ilimshinda. Alijiambia, nitaombaje kitu nilichokikataa kwa mdomo wangu? Nitaonekana mtu wa aina gani? Ataniambia tena tu, mwenye nyumba gani asiyerudia? Asubuhi akishuka ngazi anapita kando ya ile simu polepole makusudi, huenda atasemeshwa. Yule mama anampa habari za ng'ombe, anamwonyesha njia ya kwenda sokoni, anamwonya akiendesha baiskeli ashike upande wa kulia. Mtu mwema, msimfikirie vibaya. La simu halitaji kabisa.

Na huku kwetu sasa. Kila baada ya sala ya alasiri, mama ananiita, "Nishike mkono twende kwa Shemhilu." Natembea naye, hatua mbili tunapumzika, hatua mbili tunapumzika. Nilichoka, wajukuu zangu, sisemi uongo, nilichoka mpaka mifupa. Anakaa kwenye benchi la duka. Simu ikilia, anajitengeneza mtandio vizuri kichwani kama vile anayepiga atamwona. Mzee Shemhilu anapokea, anasikiliza, anatikisa kichwa. Ni ya mtu mwingine.

"Amefika kweli?" mama ananiuliza.

"Amefika, mama. Ndege ikianguka redio inasema."

"Sasa mbona hapigi?"

Majirani walikuwa na jibu lao tayari: ndiyo ameshaonja Ulaya, bibi wa Muheza wa nini tena? Mama akiwasikia anawaka. "Mwajabu wangu hana tabia hiyo," anasema. "Yule nimemfunza adabu mimi mwenyewe."

Ikafika siku hakuweza kuinuka. Akanituma mimi nikakae kwenye benchi badala yake, nikaenda tu kukaa, kwa sababu nikikataa hatulii. Alifariki siku ya Alhamisi kabla ya adhuhuri, na alasiri tukamzika. Maneno yake ya mwisho kwangu yalikuwa, "Kaangalie kama amepiga."

Tulikuwa bado tumekaa matanga, Mzee Shemhilu akaja mwenyewe mlangoni, kofia mkononi. "Njoo," akaniambia. "Ni Mwajabu. Mimi nimeshindwa kumwambia."

Kule kilichotokea ni hiki. Mwajabu na Annelies walikuwa wanaosha vyombo baada ya chakula cha mchana. Yule mama akamwuliza hivihivi tu, "Mwajabu, kwani kwenu huna watu? Sijawahi kukuona ukipiga simu."

Mwajabu akaiacha sahani, akaanza kulia. "Nina bibi. Ni mgonjwa. Nilikuwa nasubiri unikaribishe tena."

"Nikukaribishe tena nini? Nilikuuliza, ukasema hapana."

"Kwetu hapana ya kwanza si hapana, mama. Ni heshima."

Yule mama akakaa kwenye kiti, mikono ina povu. "Na kwetu," akasema, "mtu akisema hapana, kumrudia ni kumkosea heshima. Nilidhani hutaki kuulizwa habari za nyumbani. Piga, mwanangu. Piga sasa hivi."

Ndiyo simu niliyoipokea mimi. Nikasikia, "Mama mdogo! Ni mimi! Niitie Bibi, upesi!" Sauti imejaa furaha. Nilitaka nimdanganye, niseme amelala, ameoga, amekwenda hospitali. Sikuwa na nguvu hata ya kudanganya.

"Mwajabu," nikasema, "tumemzika juzi."

Akauliza kwa sauti ndogo, "Aliniulizia?"

"Alikuulizia," nikamwambia. Sikuongeza. Kilio kilichotoka kwenye ile simu, Mzee Shemhilu alikisikia akiwa upande wa pili wa kaunta.

Aliporudi, tulimsomea mama hitima. Wanawake wamejaa uani, na kuna mmoja mdomo wake hauna mlango, akamwuliza mbele za watu: "Haya mwanetu, huko Ulaya kote hakuna simu hata moja?"

Nikafikiri Mwajabu atajitetea. Hakujitetea. Akasema, "Ilikuwapo, shangazi. Nilikaribishwa siku ileile niliyofika, nikakataa, nikakaa nangoja ya pili. Ugenini karibu ni moja."

Tangu siku hiyo, kijana wa Muheza akiaga kwenda nchi za watu, lazima mtu amwambie. Siku hizi wanaisema hata harusini sinia la pilau likipita, wanachekeshana. Sikatazi, maneno ni ya watu. Lakini Mwajabu akiwapo mtazameni uso.

Kwa hiyo Twaha, huko uendako wakikuuliza unataka, na wewe unataka, sema ndiyo. Ukiwa na haja hawajakuuliza, omba. Wa kukuita mroho yuko huku, kule hayupo.

Unauliza nini, Shani? Kosa lilikuwa la nani? Hilo ndilo linalonichosha mpaka leo. Yule mama wa Kizungu alifanya adabu ya kwao. Mwajabu alifanya adabu ya kwetu. Mama yangu alimfunza mtoto vizuri kuliko wote mtaani, na kufunza huko ndiko kulikomnyima sauti aliyokuwa akiingoja. Nimetafuta wa kumkasirikia miaka yote hii, sijampata. Ugenini karibu ni moja.