Digidigi wa Halimo

Katika Majengo ya Pumwani, ambako mtu hakaangi hata kitunguu bila jirani kujua, Halimo alifuga mnyama wa porini. Alikuwa digidigi, paa mdogo asiyemfikia mbuzi hata kifuani. Marehemu mumewe, Burale, alimleta akingali kitoto, ndani ya lori kutoka Garissa, katika safari yake ya mwisho kabla homa haijamchukua. Kwa hiyo Halimo alimpenda kama mboni ya jicho lake. Alimwita Sagaro, akamlea kwa maziwa ya chupa na kumlaza kando ya kitanda chake.

Siku moja ya mwaka 1979, mbwa alimkurupusha Sagaro pale bombani. Alipochupa, mguu wa mbele ulinasa kwenye kifuniko cha mtaro. Wanawake waliokuwa wakiteka maji walisikia mfupa ukialika.

Jioni hiyo alibisha hodi Mulama, jirani aliyefanya kazi katika kliniki ya wanyama upande wa Kabete.

"Dada Halimo, nimesikia. Kesho tumpeleke, daktari amfunge plasta. Mguu kama huo hupona."

"Nani kasema umevunjika? Ameteguka tu," alijibu Halimo, mlango kaufungua kiasi cha pua.

"Dada, usiogope."

"Nisiogope vipi, na serikali imeshapiga marufuku mambo ya wanyama wa porini? Nikimpeleka huko nitarudi na kamba tupu."

"Daktari kazi yake kutibu. Nitasema naye mimi mwenyewe."

"Ameteguka, ndugu yangu. Asante."

Tusimcheke. Mjane aliyekwisha kunyang'anywa mume ana haki ya kuogopa. Lakini hofu haijawahi kuunga mfupa.

Halimo alikuwa binti wa wafugaji. Utotoni aliwaona wazee wakifunga miguu ya mbuzi kwa vijiti na kamba, na mbuzi wakapona. Naye akafanya vivyo hivyo. Ila wazee wale walifungua kila baada ya siku mbili, wakatazama, wakalegeza. Yeye hakuthubutu, kwa kuwa Sagaro alipoguswa alitoa mlio mkali wa kupenya kuta, na mtaa mzima ungejua. Akaikaza kamba, akaiacha.

Siku ya tano harufu ilianza. Halimo akachoma ubani asubuhi, akachoma tena mchana.

"Halimo, umepata mchumba nini?" majirani walimtania.

Alicheka nao, kicheko cha meno tu.

"Na Sagaro je?"

"Mzima. Anakula vizuri."

Kumbe Sagaro alikuwa amekataa hata maziwa. Mulama alikuja mara mbili kumwona. Mara ya pili alijibiwa na komeo.

Siku ya kumi, adhuhuri, Sagaro alikata roho mapajani mwa Halimo. Uchungu ulimzidi mjane nguvu, akapiga ukelele. Majirani wakavamia chumba, Mulama akiwa miongoni mwao. Aliikata kamba kwa kisu. Chini yake nyama ilikuwa imeoza, na mguu umekuwa mweusi hadi kwatoni. Mama mmoja alitoka nje akitapika.

"Mfupa ulivunjika mahali pamoja tu," Mulama alisema kwa hasira. "Mguu haukumuua, dada. Kamba ndiyo iliyomuua. Ungenifungulia mlango tu, ningemtibu humu humu ndani."

"Nilidhani watamchukua," Halimo alinong'ona.

"Si ulituambia ni mzima?" mmoja wa majirani aliuliza.

Saa kumi walikuja wafanyakazi wa baraza la jiji na mkokoteni wa taka. Walimbeba Sagaro kwa miguu ya nyuma, wakamtupa juu ya maganda ya ndizi, mtaa mzima ukitazama. Hakuna aliyeuliza alikotoka. Halimo aliusindikiza mkokoteni kwa macho, na ukweli alioufungia ndani siku kumi sasa ukawa hadithi ya kila mlango. Hakika, mficha maradhi, kifo humuumbua.