Kifaranga cha Marehemu Shaame

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Sema wewe uliyeona, sisi tusikie.

Basi hapo zamani palikuwa na mjane, jina lake Mize. Mumewe, Shaame, alimwachia kuku wa kuchi, wale warefu wa kupigana. Kideri, ugonjwa wa kuku, kikapita, kikawafagia wote. Likabaki yai moja, likaanguliwa. Kifaranga kimoja, ndiyo mbegu yote ya Shaame.

Mize akakipeleka kwa jirani yake, Faki. Faki huyu alikuwa mjuzi. Akikipindua kifaranga cha siku tatu, anakutajia aina yake, wala hakosei. Akakipindua. Miguu mirefu, minene. Shingo ndefu, manyoya haba. Mdomo mfupi, umepinda. Kuchi mtupu. Akakitamani, lakini uso akaukunja.

"Huyu chotara, dada," akasema mbele ya watu.

Miguu ile, akasema, ni njaa. Shingo ile ni ugonjwa. Mdomo ule ni kuanguliwa vibaya. Kisha, eti kwa huruma, akampa Mize mtetea anayetaga, yeye akabaki na kifaranga. Mize akashukuru, tena akawa anampelekea mayai. Mnacheka? Mimi hainichekeshi.

Kifaranga kikakua, kikawa jogoo, Mize akamwona ukutani kwa Faki. Sura ni ya jogoo wa Shaame yule yule. Akarudi kwake, akalia.

Ikafika siku ya kuchagua jogoo wa mbegu. Kijiji kile kilimwacha mmoja tu, kuchi halisi, na mwenyewe huheshimiwa mwaka mzima. Wengine wote kisu. Na sura haikutosha, lazima asili ishuhudiwe. Faki akasema jogoo wake ametoka kwa Shaame, mjane yupo, aulizwe.

Mize akaulizwa. Akisema ni kuchi, mbegu ya mumewe inaishi, na Faki anakula sifa. Akamtazama jogoo. Akamtazama Faki. Akamtazama jogoo tena.

"Mimi kuku siwajui," akasema. "Kaka Faki ndiye mjuzi. Aliniambia ni chotara, na nyinyi mlikuwapo."

Wazee wakamgeukia Faki. Aseme alikosea? Aseme alidanganya? Akawakabidhi jogoo.

Jogoo akachinjwa. Mize akaletewa paja, fungu la heshima. Akalishika, akalirudisha sahanini. Siku ile ndipo Shaame alipomfia kweli.

Hadithi yangu imeishia chunguni. Anayeitaka tamu, akamwombe mwingine.