Senzota na Mpaka Uliotaka Kukauka

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni karibu. Walio mbali watakosa majina, na hadithi hii ina majina yake.

Zamani, zamani za babu wa babu zetu, palikuwa na kijiji juu ya mgongo wa kilima. Katikati yake ulipita mfereji. Haukuwa mto. Mto hufuata bonde. Mfereji ule ulifuata mgongo wa kilima, kwa sababu wazee waliuchimba kwa mikono kutoka chemchemi ya msituni, ili maji yateremke pande zote mbili. Chururu, kulia. Chururu, kushoto. Ulezi wa huku ukanywa, ulezi wa kule ukanywa.

Mwangalizi wa mfereji aliitwa Senzota, mwana wa Mbonea. Wako wanaomwita Senzighe. Huyo alikuwa mtu mwingine. Matope yalipojaa mferejini, Senzota alipuliza baragumu. Buuu! Buuu! Watu wote wakatoka na majembe kwenda kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja. Sheria ilikuwa moja: Anywaye huchimba.

Siku hizo nchi yote ilikuwa chini ya Dola ya Mwewe, yenye mwewe kwenye bendera yake. Watu waliambiwa kwamba mwewe yule hafi. Kisha vita vikaja. Nyuma ya milima palisikika ndu! ndu! ndu! toka mavuno hadi mavuno. Siku moja pakawa kimya. Mwewe ameanguka.

Wafalme wawili walioshinda, wa Mashariki na wa Magharibi, wakakaa mbali sana, wakatandaza ramani mezani kama watu wanaogawana nyama. Kijijini hawakuwahi kufika. Wakaona mstari wa buluu.

"Huu ni mto," akasema mmoja.

"Mto ni mpaka mzuri," akasema mwenzake.

Wakala, wakanywa, wakalala. Kumbe ule ulikuwa mfereji wa Senzota.

Askari wakaja. Kwenye ukingo wa mashariki mkuu wao aliitwa Farjala. Kwenye ukingo wa magharibi, Almasi. Amri zao zilikuwa sawa. Mtu asivuke. Mtu asiguse mpaka kwa jembe.

Senzota alibaki mashariki. Binti yake Nakijwa, aliyeolewa ng'ambo ya mfereji, akawa wa magharibi. Kibacha, mtani wake wa tangu ujana, naye akawa wa magharibi. Kibacha akaita:

"Senzota! Nasikia siku hizi wewe ni mtu wa nchi za nje!"

"Ndivyo, mtani wangu. Tena kichwa kimepona. Moshi wa tumbaku yako sasa ni shida ya mfalme wako."

Watu wakacheka. Hata askari mmoja akacheka, akajifanya anakohoa.

Lakini kicheko hakikudumu. Mvua kubwa ilishusha matope, kisha jua likawaka. Mfereji ukaziba. Chururu ikawa churu. Churu ikawa chu. Na ulezi ulikuwa unachanua. Ulezi ukikosa maji wakati huo, haubebi kitu. Njaa ingeingia nyumba za kingo zote mbili.

Vijana wakamwendea Senzota. "Mzee, tupe ruhusa. Tuchimbe njia mpya nyuma ya mashamba ya akina Kibacha. Maji yakipita kule, mpaka utapita kule. Mashamba yao yatakuwa yetu."

"Na mwanangu Nakijwa?"

"Atarudi kuwa wetu."

Neno lile lilimgusa Senzota, akatazama ng'ambo. Kisha akasema, "Anayesogeza mpaka kwa jembe, mwenzake huurudisha kwa bunduki. Rudini nyumbani."

Akaenda kwa Farjala.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umetumwa kulinda nini?"

"Mpaka."

"Mpaka ni kitu gani?"

"Ni yale maji. Ndivyo tulivyoambiwa."

"Hebu yatazame."

Farjala akayatazama. Maji yalikuwa membamba kama mkia wa panya.

"Yakikauka," akasema Senzota, "mfalme wako atauliza mpaka wake umepotelea mikononi mwa nani."

Farjala akavua kofia. Akaivaa tena. "Jembe nitaliruhusu, ili mpaka usipotee. Lakini watu wa kule hawaruhusiwi kuvuka."

"Hawatavuka. Ukingo huu ni wa nani?"

"Wa mfalme wangu."

"Na ule?"

"Wa mfalme wa akina Almasi."

"Na ndani ya maji?"

Farjala akafikiri, akafikiri. Juu ya ndani ya maji hapakuwa na amri.

"Basi watu watasimama ndani," akasema Senzota.

Farjala akamwita Almasi, akamweleza. Almasi naye akamkumbuka mfalme wake, akakubali upesi.

Buuu! Buuu! Watu wakateremka kutoka kingo mbili, wakakutana matopeni. Nakijwa akamkumbatia baba yake, wala hakuvunja amri ya mtu. Kibacha akainua mguu, akautazama. "Kumbe nchi za nje nako kuna matope!"

Kacha! Kacha! yakalia majembe. Senzota akawageukia askari waliosimama pakavu.

"Wanangu, maji yenu ya kunywa mnachota wapi?"

"Hapa hapa, mzee."

Wanawake wakamalizia wote kwa pamoja: "Anywaye huchimba!" Farjala akalaza bunduki ukingoni, akashuka. Almasi akashuka.

Chu. Churu. Chururu! Maji yakafika shamba la mwisho la huku na shamba la mwisho la kule. Ulezi ukabeba, na mwaka ule hakuna jiko lililolala baridi.

Tangu hapo, mwenye shida na ndugu yake wa ng'ambo alingoja msaragambo. Posa zilipelekwa mferejini. Misiba ilielezwa mferejini, watu wakiwa wamesimama majini hadi kwenye vifundo vya miguu. Na matope, ajabu, yalianza kujaa upesi kuliko zamani. Senzota alipuliza baragumu hata palipokuwa na kiganja kimoja tu cha matope, na askari hawakumuuliza.

Ndiyo maana wazee husema: mpaka huchorwa na walio mbali, bali ujirani hutunzwa na walio karibu.

Hadithi yangu imekomea hapo. Mwenye ya kwake na aanze.